Jiko la mkaa chumbani usiku: moshi ukiisha, hatari imeisha?

Mpangaji_Nkuhungu:
Wakuu habari. Chumba ni futi 10 kwa 12, dirisha moja, na upepo wa Juni hapa Dodoma unajaza vumbi ukilifungua. Tunapikia nje, mkaa ukishakolea jiko linaingizwa ndani kuleta joto. Asubuhi vichwa vinauma, na mtoto wa miaka miwili anakohoa. Ni jiko au vumbi? Gesi ya kupikia je?

Kibaraza:
Jiko. Usiliingize tena, hata leo. Mkaa uliokolea hautoi moshi lakini unatoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hata jivu likishafunika makaa hatari haijaisha, maana yanaungua nusunusu kwa kukosa hewa, na nyie mmeshalala. Gesi hiyo inashikana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Jiko banifu nalo halikuokoi. Linapunguza mkaa tu.

Watu wengi huishia kupima malaria. Dalili za gesi hiyo ni hivi: hakuna homa, wote mliolala humo mnaumwa kichwa na kichefuchefu kwa pamoja, mkikaa nje mnapata nafuu. Mtu akizimia, fungua mlango, mtoe nje, mkimbize hospitali akapewe oksijeni. Habari za kumnywesha maziwa achaneni nazo, atapaliwa. Na mwambieni daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 wakati mtu anakufa: hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye kaboni monoksaidi.

Nesi wa Bahi Road:
Naongezea la mtoto. Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Kwa umri huo zikifika 40, au kifua kikibonyea chini ya mbavu akivuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, inaweza kuwa nimonia. Mnawasha dawa ya mbu ya kuzunguka? Moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini kama za sigara 75 hadi 137. Chandarua kinatosha. Koroboi pia izimwe, na mkaa usiwashwe kwa mifuko ya plastiki.

Fundi Mitungi:
Gesi ya mtungi ni afadhali mno, ila nayo ina masharti. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, kwa hiyo uwazi wa chini ya mlango usiuzibe kwa kitambaa eti vumbi. Mtungi usimame wima. Kila ukibadilisha, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga, usiwashe kitu. Usijaribu kwa kiberiti. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, kichomeo kimeziba (vumbi la huku linaziba sana), kisafishe kwa brashi kavu. Na gesi ni ya kupikia, si ya kuota moto usiku.

Mpangaji_Nkuhungu:
Dirisha ni moja tu, nipitishe wapi hewa?

Fundi Mitungi:
Mwombe mwenye nyumba atoboe tofali mbili juu, ukuta unaotazamana na dirisha, aweke wavu.