Tarumbeta ya bendi ya kanisa imetoka madoa ya waridi: nisugue au niache?

Mpulizaji_Rungwe
Wakuu, habari za jioni. Napuliza tarumbeta kwenye bendi ya usharika wetu wa Moraviani huku Rungwe. Vyombo ni vya zamani, tumeachiwa na wazee. Hii ninayotumia ni ya shaba ya njano, laka, ile rangi angavu inayoikinga shaba, imebanduka karibu nusu. Nimeona kwenye lile bomba la kwanza, linalopokea kipande cha mdomoni, kuna madoa ya waridi, mengine yana kidoti cheusi katikati. Nimefuta kwa kitambaa, hayatoki. Pasaka imekaribia, na ibada ya alfajiri makaburini hatuwezi kuifanya bila matarumbeta. Nisugue kwa nini?

Binti_Pwani
Ndimu na majivu, mkuu. Bibi yangu masinia yake yote ya shaba aliyang'arisha hivyo, unajiona kama kwenye kioo.

FundiLehemu
Kijana wangu, ndimu iweke chini kwanza. Dada yangu hapo juu, kwa sinia uko sawa, sinia ni nene na linaoshwa likakaushwa. Hili ni jambo jingine.

Shaba ya njano ya tarumbeta nyingi ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Sasa mate, mvuke wa pumzi na ile chai ya sukari mnayokunywa kabla ya mazoezi vinabaki ndani ya bomba na vina asidi. Zinki haiivumilii asidi. Inatoka kidogokidogo, shaba nyekundu inabaki peke yake, na ndiyo hilo waridi unaloliona. Kilichobaki kina vitundu kama sponji, hakina nguvu. Ukipaka ndimu unaongeza asidi ileile juu ya kidonda.

Doa lenye kidoti cheusi linanitia wasiwasi, kwa sababu kuoza kwa namna hiyo huanzia ndani. Ukuta wa bomba hilo una nusu milimita hivi, basi doa likishaonekana nje huenda limepita lote. Hakikisha hivi: chomoa bomba la kusawazishia sauti, mulika tochi ndani. Ukiona ukuta laini wa njano, tatizo ni la juu tu, pale laka ilipobanduka na jasho la mkono likakaa. Ukiona mabaka ya waridi na ukurutu wa kijani au mweupe, bomba limekwisha na hakuna dawa ya kurudisha zinki iliyotoka.

Kuosha ni lazima vyovyote vile. Maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto maana yataibandua laka iliyobaki, na tone la sabuni ya vyombo. Pistoni zitoe kwanza na uzipange kwa namba zake, usizichanganye. Pitisha kamba yenye kitambaa laini, suuza, acha likauke kabisa, ndipo utie mafuta ya pistoni. Baada ya kila mazoezi fungua kitundu cha mate, utoe maji yote. Na sukutua kinywa kabla ya kupuliza. Nawasihi sana hapo, wapulizaji wengi hawasukutui.

Pasaka utapiga. Bomba likivuja, funga kwa utepe usiopitisha hewa, utafika mwisho wa ibada. Baadaye libadilishwe, limeshikwa kwa lehemu, linatoka bila kuumiza chombo. Ila ninakuomba usimpelekee fundi wa mageti. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi. Moto wake yeye unavuka 907, hapo zinki inachemka na kutoka moshi, mapafu yako yanaumia na bomba linaanguka mkononi.

Mpulizaji_Rungwe
Asante sana mzee wangu. Nimemulika, ndani kuna mabaka mawili ya waridi. Nimekumbuka pia kuwa chumba tunachohifadhia vyombo kimegusana na banda la kuku la mchungaji. Harufu inaingia. Inahusika?

FundiLehemu
Inahusika, tena vibaya kuliko mate. Kinyesi cha kuku kinatoa amonia, gesi yenye harufu kali, na amonia hupasua shaba ya njano pale ilipokunjwa au kugongwa. Waingereza waliyaona hayo kule India zamani: risasi za bunduki zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi msimu wa masika, maganda yalikuwa yanapasuka yenyewe kutokana na amonia ya mkojo. Ganda la risasi na tarumbeta yako ni shaba ile ile, 70 kwa 30. Kwa tarumbeta ufa hutokea kwenye kona za mabomba na kandokando ya mdomo mpana wa mbele, mwembamba kiasi cha unywele.

Hamisheni vyombo leo, si baada ya Pasaka. Chumba kikavu, mbali na kuku na choo. Hata dawa ya kung'arisha yenye harufu kali ya amonia msiitumie. Halafu mulikeni ndani tromboni zote za bendi, yaani zile za bomba la kuvuta, hasa zile zisizo na mtu wa kuzipuliza kwa sasa, maana hizo hukaa na unyevu bila mtu kujua. Ukipata zenye mabaka, piga picha uweke hapa, nitakuambia ipi inaweza kungoja.