Naomba ushauri: mto Slims kule Yukon, Kanada, tusimame au tupite tu?

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Mwezi wa sita tunatoka Whitehorse kwa gari kwenda Alaska. Ramani yetu ya zamani inaonyesha mto Slims ukiingia Ziwa Kluane, mpana kwelikweli, na mwanangu mkubwa anayependa jiografia ameung'ang'ania. Jirani anasema mto umekauka, limebaki vumbi. Mdogo wake ana pumu. Tufanyeje?

Mzee wa Ramani
Dada, simameni! Huo mto ulinyang'anywa maji yake. Barafuto (barafu kubwa inayosogea polepole bondeni) ya Kaskawulsh ilikuwa inalisha pande mbili: kaskazini kupitia Slims, Ziwa Kluane na mto Yukon hadi Bahari ya Bering; kusini kupitia mito Kaskawulsh na Alsek hadi Pasifiki. Joto likairudisha nyuma barafu, na mwishoni mwa Mei 2016 maji yakakata korongo ndani yake, karibu yote yakahamia kusini. Ilichukua siku chache tu. Mwanasayansi Daniel Shugar na wenzake walilieleza jambo hilo mwaka 2017, wakati ziwa limeshashuka zaidi ya mita 1.

Tena mwambie kijana hili: karne kadhaa nyuma Ziwa Kluane lenyewe lilitoa maji yake kusini. Barafuto hiyohiyo ikasonga mbele ikaziba njia, ziwa likajaa hadi likapasua njia ya kaskazini. Kwangu hiyo ndiyo habari kubwa kuliko ya 2016.

Dereva wa Kaskazini
Kuhusu pumu, usilichukulie kirahisi. Lile vumbi ni mwamba uliosagwa na barafu, laini kama unga wa muhogo. Linapenya hata kwenye mpira wa mlango wa gari. Upepo ukianza kushuka bondeni mchana, hata mlima wa pili huuoni. Piteni asubuhi, vioo juu, dawa yake ya kuvuta iwe mkononi. Msishuke kutembea kwenye kitanda cha mto: kuna matope yanayozamisha mguu, na dubu wakubwa wapo.

Mama Wawili
Asanteni sana. Basi tulale Haines Junction?

Dereva wa Kaskazini
Ndiyo, na mjaze mafuta hapohapo. Kutoka hapo ni chini ya saa moja. Simameni kwenye kituo cha wageni cha hifadhi, chini ya mlima Thechàl Dhâl, muulize hali ya upepo kwanza. Wenyeji wa jamii ya Southern Tutchone wanauita mto huo Ä'äy Chù; kijana aandike majina yote mawili kwenye ramani yake.