Jangwa la Namib, Namibia, kwa gari la kukodi, na mama mkwe ana presha

Mama_Kigamboni: Habarini wakuu. Agosti tunatua Windhoek, tunakodi gari na kuendesha wenyewe hadi Sossusvlei kwenye matuta ya mchanga, kisha Swakopmund, mji wa pwani. Mume wangu ni dereva mzuri, ila jangwa hajaligusa. Mama mkwe yumo, ana miaka 68, anatumia vile vidonge vya presha vya kumkojoza. Tujipangeje?

Fundi_Tabata: Dada, nafuu moja kule wanaendesha kushoto kama sisi. Kinachotuponza watu wa Dar ni jasho. Hapa ukizunguka Kariakoo saa saba mchana, shati linalowa chapachapa, unajua maji yamekutoka. Kule hewa ni kavu, jasho linakauka hata hujaliona. Unapapasa shingo unakuta chumvi, kichwa nacho kinagonga. Msingoje kiu. Mimi nilipiga hesabu ya lita 5 kwa mtu kwa siku, na dumu la akiba haliguswi. Mkojo ukifanana na chai ya rangi, mmechelewa. Bebeni na ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa. Mama aonane na daktari wake kabla ya safari: vidonge vile na joto havipatani, lakini asijipunguzie dozi mwenyewe.

Gari sasa. Barabara nyingi ni za changarawe, msizidi 80. Ajali za kule nyingi ni za gari kuserereka na kupinduka, simba mnamsingizia tu. Kabla hamjatoka kwenye yadi ya kukodisha, hakikisheni spea zina upepo, pigeni jeki palepale, na mjaribu spana kwenye nati. Atakayenuna anune. Mafuta jazeni Sesriem, pale getini mwa Sossusvlei, tena kituo cha Solitaire njiani, hata kama tenki lina nusu.

Binti_Upanga: Jua likizama muwe mmefika, swala wakubwa huvuka barabara gizani. Na Agosti usiku ni baridi kali, mama abebe sweta na soksi. Gari likiharibika msiliache mkaanza kutembea.

Mama_Kigamboni: Asanteni. Jumatatu nampeleka kliniki. Ila baba watoto anabisha, anasema zile kilomita 5 za mchanga mwishoni mwa njia ya Sossusvlei ataendesha mwenyewe, eti amezoea matope ya Rufiji.

Fundi_Tabata: Aache gari pale lami inapoishia, mpande magari ya kupeleka wageni. Akikaidi, apunguze upepo wa tairi kwanza. Na tairi likianza kusota atoe mguu kwenye mafuta, ashuke afukue. Akizidi kukanyaga, gari linakaa kwa tumbo.