Riviu inasema 27% ya wanafunzi wa udaktari wana sonona (depression), supavaiza kaikataa. Nisaidieni

Chumvi_ya_Mawe:
Habari wakuu. Niko masta ya afya ya jamii, naandika proposo ya sonona kwa wanafunzi wa udaktari. Kwenye utangulizi nikaweka ile riviu (utafiti unaojumlisha tafiti za wengine) ya 2016 ya jarida la JAMA, nchi 43, wanafunzi zaidi ya laki na ishirini elfu, jibu 27.2%. Nikaandika "zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari duniani wana sonona" nikajiona nimemaliza kazi. Supavaiza kaizungushia kalamu nyekundu, pembeni kaandika neno moja tu: "WANAYO?" Sasa jarida ni kubwa, riviu nyingine nazo namba zinakaribiana, kosa liko wapi?

Fundi_Takwimu:
Mkuu huyo kakuonea huruma, wangu angechana. Wenyewe waliandika sonona *au dalili za sonona*, wewe hiyo "au dalili" umeifyeka. Tafiti zote humo, kasoro moja tu, zilitumia dodoso la kujijazia mwenyewe. Tena ukitenganisha kwa aina ya kipimo majibu yanatoka 9.3% hadi 55.9%, na I² (kipimo cha tafiti zinavyopishana) ni 98.9%. Hapo ni sawa na kuchukua kilo ya mchele, debe la mahindi na fungu la nyanya halafu useme wastani wa bei sokoni ni buku mbili na mia saba, hesabu haina kosa ila umenunua nini??
Halafu watu wengi wanaweka PRISMA (mwongozo wa kuripoti riviu) kama hirizi. Ile ina vipengele 27 vya kukwambia uripoti ulichofanya, haikwambii kama ulichofanya kina akili. Ubora wa riviu yenyewe unapimwa na vitu kama AMSTAR 2, maswali 16, nayo ilitengenezwa kwa riviu za matibabu, ukiipeleka kwenye riviu za kiwango cha ugonjwa maswali mengine yanabaki yanaelea.

Nesi_wa_Zamu:
Mimi sio mtu wa takwimu ila niko kliniki ya wajawazito, PHQ-9 (dodoso la sonona, maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3) najaza kila siku. Chukua mama wa wiki 36. Swali la 3 usingizi, halali, mtoto anacheza usiku kucha, karibu kila siku, weka 3. La 4 uchovu, 3. La 5 kula, 3. Hapo ana 9 na bado anakuchekea. Akisema tu kuna siku umakini unampotea, imefika 10, tayari kashahesabiwa ana sonona. Na aliyewahi kunitoa jasho alikuja na 6. Dodoso linakusaidia kujua nani wa kukaa naye uongee, basi.

Chumvi_ya_Mawe:
Duh. Kwa hiyo nigawanye kwa mbili au?

Fundi_Takwimu:
Hapana aisee 😂 Kuna kazi ya akina Levis ya 2020, tafiti 44, watu 9,242, hao hao wamejaza PHQ-9 na wamehojiwa kwa SCID (mahojiano rasmi ya kutambua ugonjwa). Dodoso kwa alama 10 likatoa 24.6%, mahojiano 12.1%. Ila hilo pengo linatofautiana mno utafiti na utafiti, huwezi kutoa fomula ya kurekebisha.

Kapuku_wa_Data:
Nyie mnaongelea vipimo, mimi nilishatoa data kwenye riviu moja siitaji. Iliandikwa watu wawili walichambua kila mtu kivyake, ukweli nilikuwa peke yangu saa nane usiku na mwenzangu akaleta jina. Nikakuta pepa mbili chuo kimoja, miezi ile ile, sampo 384 (hiyo sio ushahidi, nani hana 384 nchi hii, fomula ya sampo inampa kila mtu hiyo) lakini hadi wastani wa umri ulifanana mpaka desimali ya pili. Nikasema hii data ni moja imetoka mara mbili, nikajibiwa acha zote, zinaongeza N (idadi ya washiriki). Ipo imechapishwa, watu wanainukuu.

Chumvi_ya_Mawe:
Mrejesho: nimebadilisha, nimeandika "takriban robo walivuka alama za dodoso za dalili za sonona", nikamtumia. Kajibu sasa hivi: "Dodoso lipi?"