Nani kaziba pengo vizuri: Brian Johnson, Adam Lambert au Emily Armstrong?

radi_usiku: Wakuu nimalizieni ubishi. Bendi kubwa ya rock imempoteza mwimbaji wake kipenzi, nani aliingia akafanya kazi ya maana? Mimi nina watatu: Johnson wa AC/DC, Lambert na Queen, Emily wa Linkin Park.

gitaa_kavu: Johnson, tena mapema. Bon Scott, mwimbaji wa AC/DC kabla yake, kafariki Februari 1980, Julai mwaka huohuo albamu Back in Black iko sokoni, Marekani peke yake imeshapita kopi milioni 25. Alafu sikia inavyoanza, kengele inagonga taratibu, gitaa linaingia, ndo jamaa anafungua koo. Hajamwiga Bon hata kidogo, Bon aliimba kama anakutania, huyu koo kama limepigwa msasa. Na kava jeusi tii, rambirambi yenyewe hiyo.

mama_besi: Sawa ila Johnson alipewa ngoma mpya, bahati yake. Lambert kila shoo anaimba za Freddie Mercury, mwimbaji marehemu wa Queen, watu wanazijua mpaka pale anapovuta pumzi, ukiteleza kidogo tu umekwisha, na albamu ya studio na Queen hawana hata moja. Ninachompendea hajifanyi. Jina lenyewe wameandika Queen + Adam Lambert, ile alama ya kujumlisha imemaliza kesi. Na kuna kipande Brian May, mpiga gitaa wa Queen, anabaki na gitaa la akustika, Freddie anatokea kwenye skrini, Lambert wala hayupo stejini. Paul Rodgers aliyeimba na Queen kabla yake sauti anayo, tena kubwa, ila ya bluzi, zile ngoma za mbwembwe zilikuwa zinamkataa.

radi_usiku: Kwa hiyo Lambert ni mgeni wa kudumu 😂

zamu_ya_pili: Mbona Emily mnamruka? Chester Bennington, mwimbaji wa Linkin Park, kafariki 2017, Emily katangazwa Septemba 2024, Novemba albamu From Zero ikatoka. Kuchukua mwanamke naona walicheza vizuri, ukali upo lakini huwezi kukaa unapima sauti kwa sauti. Ila tuwe wakweli, Mike Shinoda, mwenzake Chester kwenye maiki, bado yupo anarap, nusu ya bendi unayoijua iko palepale. Johnson hakuwa na wa kumsaidia maiki.

msela_dramu: Na Arnel Pineda je? Neal Schon, mpiga gitaa wa bendi ya Journey, alimkuta YouTube 2007, Mfilipino anaimba nyimbo za watu na bendi yake. Ukifumba macho ni Steve Perry mtupu, mwimbaji wao wa zamani.

gitaa_kavu: Ndo kinachonisumbua hicho.

mama_besi: Kufanana kosa gani sasa, mtu kalipia tiketi asikie ngoma anayoijua. Gary Cherone alienda Van Halen na staili yake, albamu moja tu 1998 wakaachana.

gitaa_kavu: Sammy Hagar, aliyeingia Van Halen baada ya David Lee Roth, nae alienda na yake, albamu 5150 ya 1986 ikakamata namba moja Marekani, enzi za Roth hakuna albamu yao iliyofika hapo. Ila Roth aliondoka mzima, mashabiki walikuwa na mtu wa kumnunia. Bon utamnunia vipi?

radi_usiku: Haya nampa Johnson. Wale mnaonijazia inbox na Dio wa Black Sabbath fungueni uzi wenu.