Kitamli na mnazi mrefu ni ukoo mmoja kweli?

Mama Kisauni
Asalaam aleikum. Nyuma ya nyumba nina minazi mirefu sita, urithi wa marehemu bibi, na vitamli viwili, yaani minazi mifupi, nilivyopanda mwenyewe. Vitamli vilizaa mwaka wa nne, madafu ya rangi ya chungwa, maji matamu hata wageni huuliza kama nimetia sukari. Lakini nikikuna nazi yake, tui ni jepesi. Kwa wali nategemea minazi ya bibi: nazi moja tu ya mnazi mrefu, nikaikuna kwa mbuzi, kasimile yake, lile tui zito la kwanza, huning'inia kijikoni.

Kinachonisumbua ni mbegu. Nilipanda nazi tatu za mnazi mmoja mrefu. Wa kwanza unazaa nazi za duara, wa pili ndefu zenye kumbi nene, wa tatu haujazaa hadi leo. Mbegu ya kitamli nayo hutoa kitamli. Kwa nini?

Mgema wa zamani
Mwanangu, sisi tuliambiwa mnazi uliletwa na Wareno.

Mwalimu wa kilimo, Likoni
Hapana, mzee wangu. Wareno waliikuta hapa. Wao ndio waliochukua minazi ya Bahari ya Hindi wakaifikisha Cape Verde, Afrika Magharibi na Karibi.

Mama Kisauni, chungulia karara, ala inayofunika maua, likipasuka. Kwenye mnazi mrefu maua ya kiume hufunguka na kuisha kabla ya yale ya kike kuwa tayari, kwa hiyo chavua hutoka mnazi wa jirani, kwa upepo na nyuki. Kila nazi ina babake. Kitamli hujichavusha, ndiyo maana mtoto hufanana na mama.

Na ukoo? Mwaka 2011 Bee Gunn, Luc Baudouin na Kenneth Olsen walichapisha uchunguzi wa jeni za minazi zaidi ya 1,300 ya dunia nzima. Walipata koo mbili zilizofugwa mbali mbali: moja ya Bahari ya Hindi, upande wa India Kusini, Sri Lanka na Maldivi, nyingine ya Pasifiki, Ufilipino hadi Indonesia. Minazi mifupi imeangukia Pasifiki. Ila Bukini (Madagaska), Komoro na pwani yetu hii damu zote mbili zimechanganyika. Mabaharia waliohamia Bukini, ambao lugha yao bado ni ndugu ya lugha za Borneo, walikuja na nazi zao. Minazi ya bibi yako ni machotara wa zamani sana, na mimi hilo hunifurahisha kila ninapopita chini yake.

Mama Kisauni
Ahsante mwalimu. Sasa kuna mche mmoja wa kitamli, uti wa makuti yake ni wa kahawia. Wenzake ni wa chungwa. Niung'oe?

Mwalimu wa kilimo, Likoni
Usiuguse! Huo babake ni mnazi mrefu. Chotara wa namna hiyo huwahi kuzaa na huzaa sana. Uhamishie penye nafasi, mita nane kutoka mwenzake, kabla mvua za masika hazijaisha.