Matundu ya ribiti hayakutani: mnayapangaje kwenye mchoro wa kompyuta?

Fundi_Mkomani: Salaam aleikum mabingwa. Nina karakana ndogo hapa Lamu, naunda mapaa ya alumini ya boti za abiria zinazovuka Mokowe. Paa moja lina mataruma (mbavu za kubeba paa) matano ya bati lililokunjwa, juu yake mabati bapa ya mm 2, na ribiti za mm 4.8 kila baada ya mm 80. Kila taruma matundu 21, jumla 105, na kila moja lazima likutane na mwenzake wa kwenye bati.

Nachora kwa programu ya FreeCAD, matundu ya kila kipande peke yake. Juzi mwenye boti akataka taruma la tatu lisogee mm 20 ili nahodha apate pa kusimama. Nikalisogeza, matundu ya bati nikayasahau. Vipande hukatwa kwa leza Mombasa, vikaja kwa basi hadi Mokowe, vikapanda mashua. Kuvifungua, safu nzima inatazama hewa. Kuku wangu sasa wana mlango wa alumini.

Nyinyi mnafanyaje?

Keekee: Pole ami. Kosa si kusahau, kosa ni kuwa na tundu lile lile limechorwa mara mbili. Chora sketchi moja tu, kwenye uso ambapo bati na taruma vinagusana. Kila kipande kiiazime kwa SubShapeBinder, zana ya FreeCAD ya kurejelea mchoro wa kwingine, ukate kupitia hiyo. Nafasi za mataruma ziweke kwenye lahajedwali la humo humo, sketchi na mataruma vyote visome namba hizo. Mteja akitaka mm 20, unabadili namba moja.

Duara mimi nachora mm 4.9, ribiti iingie bila kulazimishwa, na kitovu chake hakikaribii ukingo chini ya mm 10.

BintiMalindi: Kazini kwetu tunachora kwa programu ya SolidWorks. Ina Hole Series: unatoboa ukiwa ndani ya mkusanyiko, yaani faili linalounganisha vipande vyote, tundu linaingia katika kila kipande. Tamu, mpaka siku unakili faili la kazi ya zamani uanzie mpya. Nilinakili la mkusanyiko peke yake, vipande vikabaki vile vile vya zamani. Narekebisha boti ya huyu, ya yule inabadilika. Tangu hapo nami ni wa sketchi moja.

Ribiti zenyewe weka moja, uirudie ifuate mpangilio wa matundu. Silinda na kichwa vinatosha. Ukichora na pini yake, ile ya kuivutia ikaze, mara 105, laptopu italia.

Mzee_Matondoni: Wanangu, kompyuta haikunji bati. Mkunjo ukikosea milimita moja, matundu ya ubavu wa taruma yameshahama, hata mchoro uwe sahihi vipi. Mimi bati la juu natoboa lote kwa leza. Taruma nalipa matundu mawili tu, moja kila mwisho, ya kushikizia. Yaliyobaki napiga drili hapa hapa, bati likiwa kiongozi, kuanzia katikati kwenda pembeni, nikibana kila baada ya matundu machache. Kisha navitenganisha nikwangue kingo, maana chembe zikibaki kati ya mabati hayalali pamoja.

Na ribiti iwe na pini ya alumini pia. Ya chuma kipande chake hubaki ndani, na chumvi ya huku haina huruma.

Fundi_Mkomani: Shukrani Mzee. Lakini kama taruma litatobolewa kwa drili, sketchi ya Keekee ya nini tena?

Mzee_Matondoni: Ya hayo mawili, mwanangu, na safu ya bati. Taruma likisogea, visogee pamoja. Si hapo ulipoumia?

Fundi_Mkomani: Kweli. Nimejaribu jana usiku: taruma la tatu mm 20 mbele, kisha nyuma, matundu yamefuata. La tano limegoma. Kumbe nafasi yake niliiandika kwa mkono, sikuiunga na lahajedwali. Narudi kulifungua.